Machela ya Mbagala

Vijana wa hospitali waliponiaga mwezi uliopita, nesi mmoja mwenye ulimi mwepesi aliniuliza mbele ya soda na maandazi: "Mzee, katika miaka yako yote, cheo gani kilikufurahisha zaidi?" Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, maana kwa mdomo ningesema neno baya siku ya sherehe. Vyeo nilipewa, vingine nilicheleweshewa, vingine walipewa wenzangu, na mishahara ilikuwa ileile ya serikali ambayo nyie pia mnaijua na mnailalamikia. Hayo tuyaache. Nitaandika habari za machela yetu ya Mbagala, na za mkunga mmoja wa Kizaramo niliyemkosea.

Mie ni Mnyamwezi wa Tabora. Baba alinipeleka bweni la misheni nikiwa bado nang'oka meno ya utoto, na kutoka hapo nikaenda darasa hadi darasa mpaka Uganda, kusomea udaktari. Enzi za Mwingereza, Mwafrika akimaliza masomo hayo hakuitwa daktari hivihivi. Aliitwa daktari msaidizi, hata kama siku hiyo hapakuwa na mtu yeyote wa kumsaidia.

Nilipangiwa hospitali ya mjini Dar es Salaam. Wodi za Waafrika zilikuwa na wagonjwa wawili kitanda kimoja na wa tatu chini ya kitanda, amelala kwenye mkeka wake aliokuja nao. Kila wiki waliletwa watu kutoka njia ya Kilwa, wengine migongoni mwa ndugu zao, wengine wamefungwa kwa kanga kwenye baiskeli, na wengi walifika wakiwa wamekwisha. Nikachoka kuwapokea watu wa kufunika shuka. Nikaenda kwa mkubwa wangu, Mwingereza mpole aliyependa sana chai yake, nikamwomba anipeleke kulekule wanakotoka. Alinitazama kama mtu aliyeomba kufungwa jela. Kisha akatia sahihi upesi, kabla sijabadili mawazo.

Mbagala mnayoijua nyie ni ya msongamano na makelele ya wauza nguo. Ile niliyoikuta mie ilikuwa mikorosho, minazi, mihogo, na nyumba za udongo zilizotengana hivi kwamba jirani akikuita unaitikia mara mbili ndipo akusikie. Zahanati ilikuwa kibanda cha makuti chenye vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi, meza, stovu ya mafuta ya taa ya kuchemshia sindano, kopo la kwinini na chupa kubwa ya dawa ya zambarau. Ile ya zambarau tuliipaka kila mahali penye kidonda, hata ikawa ukimwona mtoto ana midomo ya rangi hiyo unajua katoka kwetu.

Mwenyeji wangu alikuwa Salum, dresa, yaani mfunga vidonda, Mzaramo wa hapohapo, mtu mzima kunizidi kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha zahanati kabla yangu, na mie nilikuja na vyeti vyangu nikakaa kwenye kiti chake. Hakuninunia. Siku ya kwanza alinifundisha kuisikiliza stovu, maana ikianza kukoroma ujue inataka kulipuka. Siku ya pili alinifundisha kwamba mgonjwa wa huku haulizwi anaumwa nini kabla hajaulizwa habari za nyumbani, za shamba, na za waliolala. "Ukiruka hapo, Daktari," aliniambia, "atakwambia anaumwa kichwa. Kila mmoja atakwambia kichwa. Utatibu vichwa mpaka ustaafu."

Siku ya tatu asubuhi benchi limejaa watu wa vidonda vya buba na homa, mie nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa linaweza kusimama lenyewe. Akaingia bibi mmoja mfupi, mweusi tititi, kaniki ameifunga kwa kukaza. Hakupiga hodi wala hakusubiri zamu. Alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akanikagua tangu viatu hadi kichwani.

"Alaa!" akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Kumbe mpagazi wangu ndiye aliyevishwa shuka la Wazungu! Nani kakufungua kamba, mtumwa wee? Haya, tua mzigo huo, nyanyuka, twende kwangu nina kazi nawe."

Benchi zima likaangua kicheko. Hata mwenye homa alicheka.

Sasa, vijana wangu, najua wengine kati yenu mmekulia mjini na mambo haya hamyajui vizuri. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walikuwa wakishuka pwani na misafara, mizigo mabegani, wakafikia kwa Wazaramo. Walipigana nao, wakala nao, wakazikana. Mpaka leo mtani anakutukana hadharani, anamkamata kuku wako akaenda kumchinja, nawe unacheka na kungoja zamu yako. Na msiba ukitokea, yeye ndiye anayezifanya kazi zile ambazo ndugu hawaziwezi kwa uchungu, au kwa haya.

Nilikuwa nayajua yote hayo. Baba yangu alikuwa na watani wake, nami nilikuwa nikiwacheka nikiwa mdogo. Lakini nilidhani koti lile jeupe limenitoa humo. Nilikuwa nimeitwa mtumwa mbele ya wagonjwa wangu, siku ya tatu ya kazi, na damu ikanipanda.

"Salum," nikasema, "mtoe nje huyu bibi. Hapa ni mahali pa kazi."

Kicheko kikakatika. Salum akasogea karibu, akaninong'oneza, "Daktari, huyu ni Bi Tatu, mkunga wetu, ni..."

"Nimesema mtoe."

Bi Tatu hakungoja kutolewa. Alinitazama mara moja tu, uso wake umebadilika, akageuka akaenda zake. Nikaendelea na sindano za buba, nikijiona nimeweka nidhamu.

Kesho yake alikuja mgonjwa mmoja. Keshokutwa hakuja hata huyo. Nilikaa mezani nikipanga vidonge vya kwinini mafungu mafungu na kuvipangua. Saa nne hivi nikamuuliza Salum watu wamekwenda wapi.

"Wako msibani."

"Nani amefariki?"

"Mwanaidi. Binti mkubwa wa Bi Tatu. Alikuwa na mimba, mtoto amekataa kutoka. Wamekufa wote wawili."

Nikasimama. Nilikuwa nimekuja Mbagala kwa ajili ya watu hasa kama Mwanaidi. "Kwa nini hawakuniita?" nikafoka. "Nyumba iko wapi? Mbali? Kwa nini hakuna aliyekuja kuniita?"

Salum alikuwa akifuta sindano. Aliifuta mpaka akamaliza, akaiweka kwenye sinia, ndipo akasema, "Alikuja kukuita, Daktari."

Mie nimeandika fomu nyingi za vifo katika maisha yangu, lakini hakuna neno la kitabibu lililonikata kama maneno matano yale ya Bi Tatu. Twende kwangu nina kazi nawe. Bibi alikuwa anaomba msaada, na alikuwa ameuomba kwa njia ya heshima kubwa kuliko zote alizonazo, njia ya mtu ambaye hapaswi kukataliwa. Nami nilisikia tusi tu.

Nilikwenda msibani. Mnyamwezi akifika kwenye msiba wa Wazaramo huwa ni vurumai: atazuia jeneza, atadai apewe chochote, atamtukana marehemu kwa uvivu wa kufa mchana, na wafiwa watajikuta wanacheka huku machozi yanawatoka. Mie niliingia nimeshika kofia mkononi. Wanaume wakanipisha mkekani. Hakuna aliyenitania. Nikaletewa maji ya kunawa kama mgeni kutoka serikalini. Bi Tatu aliponiona alikuja mwenyewe, akainamisha kichwa.

"Karibu, Daktari. Ahsante kwa kuja, Daktari."

Basi. Aliniita Daktari tangu siku ile, na kila alipolitaja jina hilo nilitamani ardhi inimeze. Tukikutana njiani ananisalimu kwa adabu tele, ananipisha, anapita. Nyie mnaodhani tusi linauma, hamjapewa adabu na mtani wenu.

Watu walirudi zahanati taratibu, maana buba haina subira. Nami nikapata shughuli mpya. Gari la wagonjwa la mjini lilikuwa haliruhusiwi kuvuka jiwe la mpaka wa mji, pale karibu na Mtoni. Gari ni mali ya manispaa, na Mbagala haikuwa ndani ya manispaa. Niliandika barua. Nikajibiwa kwamba barua yangu imepokelewa. Nikaandika nyingine kuuliza baada ya kupokelewa inafanywa nini, nikajibiwa kwamba hiyo nayo imepokelewa. Nikapanda baiskeli nikaenda kukaa ofisini kwa bwana mkubwa tangu asubuhi mpaka karani wake akaninunulia kahawa kwa huruma. Nilikusanya wazee, tukaenda tena kwa pamoja, na safari hiyo tukaambiwa tusije wengi.

Wakati barua zinapokewa, mie na Salum tukatengeneza machela. Miti miwili ya mikoko, magunia mawili yaliyoshonwa kwa kamba ya katani, na mto wa sufi uliotolewa na mke wa Salum baada ya kuvutana naye jioni nzima. Tukagawa vijana wa mtaa kwa zamu, sita kwa siku. Mgonjwa akizidiwa wanambeba mpaka jiwe la mpaka, maili nne, na mmoja anatangulia na baiskeli kuita gari lingoje. Tulibeba wakwezi walioanguka minazini, tulibeba mzee aliyepigwa na nyati kule bondeni, tulibeba watoto wa degedege. Hata wale waliokuwa wakiniogopa walianza kuniita kwenye harusi.

Lakini hatukubeba mwanamke mwenye uchungu hata mmoja. Vijana walikataa, na walikuwa na sababu zao. Nani atamshika mke wa mwenzake, yuko katika hali ile, nguo zimelowa, analia kwa jina la mama yake, ampeleke njia kuu mchana kweupe? Mume akikubali leo, kesho atapita vipi mbele ya waliombeba mkewe? Waume nao waliniambia kwa upole kwamba uzazi ni vita ya wanawake. Nilihutubia, nilikasirika, nilibembeleza. Siku moja Salum akaniambia, "Daktari, unasukuma mlango unaofunguka kwa kuvutwa." Sikumwelewa, na nilikuwa nimechoka hata kumuuliza.

Yakapita masika mawili. Kisha nikamwona Zuhura.

Zuhura alikuwa mtoto wa pili wa Bi Tatu, na baada ya Mwanaidi ndiye pekee aliyembakia. Alikuwa ameolewa na Athumani, kijana mkimya aliyekuwa akichoma mkaa. Nilimwona kisimani, ndoo kichwani, tumbo limeshajitokeza. Alikuwa mfupi kama mama yake, nyonga nyembamba, na anavuta mguu mmoja kidogo kwa sababu ya ugonjwa wa utotoni. Daktari akishaona mwendo wa namna ile kwa mwenye mimba ya kwanza, hana haja ya kupima kingine. Nilijua mtoto yule hatapita. Nilikuwa nimesikia pia kwamba dada yake alikuwa na mwili uleule.

Nilimwambia Salum amwambie Bi Tatu wampeleke Zuhura mapema, akakae kwa shangazi yake Buguruni, awe karibu na hospitali siku zikifika. Jibu likarudi: "Mwambie Daktari nashukuru." Nikaenda mwenyewe. Nikakaribishwa kigoda, nikapewa maji ya madafu, nikaeleza yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Bi Tatu alisikiliza, mikono mapajani.

"Nimekusikia, Daktari."

"Utampeleka?"

"Mungu akipenda, Daktari."

Nyie ni watu wazima, mnajua maana ya jibu hilo. Nilirudi nyumbani nikakosa hata hamu ya chakula. Nilianza kuhesabu wiki kwa vidole. Usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu. Ikiwa Zuhura atakufa, nitakuwa nimeimaliza nyumba ya bibi yule, na safari hii nikiwa najua kila kitu.

Asubuhi moja, jua ndiyo kwanza limeanza kuchoma, nilikuwa nasafisha jicho la mtoto mmoja pale mezani. Kivuli kikaziba mlango. Bi Tatu alikuwa amesimama kizingitini, haingii. Kaniki yake ilikuwa imelowa jasho, na macho yalikuwa mekundu ya mtu aliyekesha. Akajikaza, akaweka mikono kiunoni.

"We mpagazi!" akapaza sauti, na sauti ikakatika katikati. Akaanza upya. "We mpagazi! Umekaa kitako tangu mwaka gani, mzigo wangu nani ataubeba?"

Niliangusha pamba. Sijui nilivyovuka chumba kile.

"Nionyeshe mzigo wako, bibi kizee wee," nikamwambia. "Nyie Wazaramo mmezoea kubeba ungo tu. Tangulia mbele!"

Njiani, tukitembea kwa kukimbia, akanieleza kikunga. Uchungu ulianza juzi. Maji yalimwagika jana alasiri. Kichwa kimefika mahali kimesimama. Tulipofika nikatoa kile kipembe cha mbao tunachosikilizia moyo wa mtoto, nikakiweka tumboni kwa Zuhura, nikazuia pumzi. Ulikuwapo. Unakwenda mbio mno, lakini ulikuwapo. Nikamwachia Bi Tatu aweke sikio lake. Alizalisha wanawake miaka yote ile na hakuwahi kuusikia moyo wa mtoto kabla hajazaliwa. Alikaa ameinama hivyo mpaka nikamgusa bega.

"Yu hai," akasema.

"Yu hai. Na hatatoka kwa njia hii. Lazima mjini, sasa hivi."

Salum alikuwa ameshapanda baiskeli kwenda kuita gari. Machela ilikuwa ipo uani. Vijana wa zamu walikuwa wamefika, wamesimama mbali chini ya mnazi, wanatazama vidole vyao vya miguu. Athumani alikuwa amekaa kwenye ndoo ya maji iliyopinduliwa, uso mikononi. "Mama," akamwambia mkwewe, "wanaume watamshika vipi mke wangu?"

Bi Tatu alinigeukia mie. "Wenzako wako wapi? Wale wanaochimba barabara?"

Ndipo nikamwelewa Salum na mlango wake.

Genge la barabara ya Kilwa lilikuwa likijaza mashimo mwendo wa robo saa kutoka pale, karibu wote Wanyamwezi. Nyapara wao aliitwa Mihambo, jitu la mifupa mipana, ambaye Jumapili tulikuwa tunasali benchi moja. Nilifika kwake pumzi zimeniishia. Nikasema kwa Kinyamwezi, "Watani wetu wametuita. Kuna mwanamke wa kubeba." Mihambo hakuuliza mwanamke gani wala anaumwa nini. Alichomeka sepetu yake kwenye kifusi, akapiga mluzi, na wanaume sita wakaacha kazi ya serikali palepale pamoja naye.

Walipoingia uani Athumani alisimama kuwazuia. Bi Tatu akamvuta mkono.

"Kaa kando, mwanangu," akasema. "Hawa si wanaume. Hawa ni watani."

Athumani akawatazama, akanitazama mie, akakaa kando. Mihambo akaingia ndani mwenyewe, akamnyanyua Zuhura na mkeka wake kama mtu anayenyanyua kapu la mayai. Tukamfunika kanga tatu. Tukaondoka, wanne wakibeba na wanne wakipumzika, mie nikiwa mmoja wa wanane, koti nimelitupa kwenye ua wa Bi Tatu.

Maili nne si nyingi mpaka uzibebe. Barabara ilikuwa ya mchanga, miguu inazama, jua linakausha mate mdomoni. Na watu wangu walitukana njia nzima. Walimwambia Zuhura kwamba babu zao walibeba pembe nzito kuliko yeye na pembe hazikuwa zikipiga kelele. Walimwambia mtoto anakataa kutoka kwa sababu amesikia huku nje kuna Wazaramo. Uchungu ukimjia Zuhura alipiga yowe na kumng'ang'ania Mihambo shingo; ukimwachia alikuwa akiwajibu kwa sauti nyembamba: "Kazeni mbio, watumwa nyie, mama yangu hakuwapa ujira wa kutembea!" Watu walitoka majumbani kutazama. Wakisikia matusi wakajua ni watani, wakacheka, wakaleta maji. Hakuna aliyeona aibu. Bi Tatu alitembea kando ya machela, amemshika mwanawe kifundo cha mguu, na hakukiachia mpaka mwisho.

Gari lilikuwa linatungoja. Dereva alikuwa amelisimamisha magurudumu ya mbele yakigusa jiwe la mpaka, hata inchi zaidi hapana. Baadaye sana, baada ya barua nyingi kupokewa na wazee wengi kurudishwa mlangoni, gari lile liliruhusiwa kufika Mbagala, na watu wakaniambia nimeshinda. Siku ile tuliivusha machela upande wa pili, tukaifunga ndani, mie na Bi Tatu tukapanda, Mihambo na wenzake wakarudi kwenye mashimo yao. Walikatwa ujira wa siku nzima. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunilalamikia.

Aliyempasua Zuhura alikuwa daktari wa upasuaji wa hospitali, sio mie. Nasema hivyo kwa sababu nimesikia Mbagala wanasimulia vingine. Mie nilishika vyuma vya kuachanisha nyama, nikafuta damu nilipoambiwa nifute. Mtoto alitoka wa buluu, amelegea. Nesi akampangusa, akampiga mgongoni, akampulizia. Kimya. Akampulizia tena. Nilisikia saa ya ukutani. Kisha akakohoa, huyo mtoto, kikohozi kama cha mzee mvuta tumbaku, akalia.

Nilitoka. Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, miguu haigusi chini, vumbi jeupe limempanda mpaka magotini.

"Wazima wote wawili," nikamwambia. "Mtoto wa kike."

Hakupiga kigelegele. "Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemshika."

"Na Zuhura?"

"Anapumua vizuri. Amelala kwa dawa. Atakuwa mzima, Bi Tatu."

Akatikisa kichwa, akatikisa tena. Nikakaa kando yake. Lile neno nilikuwa nimelibeba tangu mwaka wa kwanza, nikaona nisipolisema saa ile litanizika.

"Bi Tatu, Mwanaidi angekuwa hai. Ulikuja kuniita nikakutoa nje. Sikuwahi kukuomba radhi kwa sababu niliona haya. Nilikukosea, naomba unisamehe."

"Nyamaza," akasema.

"Sinyamazi. Kosa lile ni langu."

"Si lako!" Alinigeukia, na machozi ambayo sikuyaona hata msibani yalikuwa yanamtiririka. "Mie ni mkunga. Niliona mwanangu amebanwa tangu asubuhi ya jana yake. Nikasema, nimezalisha nusu ya Mbagala, nishindwe na wangu mwenyewe? Nikakawia. Na uliponitoa nikanuna. Mie, kumnunia mtani! Ningekaa chini mlangoni pako nikapiga mayowe mpaka ukatoka. Nikageuka na kiburi changu, nikaenda kumkuta anakata roho. Kosa ni langu, Mungu anajua."

"Wewe ulikuja. Mie ndiye niliyekataa. Mie ndiye daktari."

"Daktari wa nini wewe, umeshushwa na garimoshi juzi! Mie ndiye mama yake!"

"Lakini mie ndiye..."

"Nimesema ni langu!" Akanipiga kofi la bega, huku analia. "Hata kosa langu unataka kuniibia, mpagazi mwizi wee!"

Nami nilikuwa nalia, mtu mzima, mikono ina damu ya mwanawe, na nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko yake kwamba Wazaramo wote ni wachoyo, hata kosa moja hawawezi kumwachia mgeni. Mlango wa wodi ukafunguliwa kwa nguvu, nesi akatoka, kidole mdomoni.

"Nyie wawili! Hapa hospitali, kuna wazazi wamelala. Kama ni kugombana, nendeni nje."

Tukatoka nje, tukakaa kwenye ngazi, tukaendelea.